Kisanduku Kilichokonyeza Msibani

Wenzangu mnaotunza sauti na picha za watu wenu kwenye mashine, someni hili kabla msiba haujawafika. Mimi elimu yangu ni darasa la saba. Mashine hizi sizijui sana, ila najua tulivyopoteza.

Mume wangu Severin alikuwa mwalimu wa kwaya kule milimani Matombo, kabla hatujahamia mjini, Mafiga. Sauti yake nzito, ukiwa bondeni unamsikia anavyowagombeza wa sauti ya tatu, unajua misa bado. Kisha akaota uvimbe kooni. Madaktari walipoutoa, sauti nayo ikaondoka. Alirudi nyumbani anakula, analima mchicha wake, lakini hasemi. Akitaka kuniita anapiga makofi.

Kilichobaki ni kanda. Miaka ile kamera za video zilipoanza kuingia kwa wingi, hapakuwa na harusi wala kipaimara bila mpiga video, na Severin yumo, anaimba, anatania watu, anatoa hotuba ndefu ambayo hakuombwa. Lakini kanda zilikuwa zimeshika ukungu wa milimani. Mwanetu Evance, mwalimu wa sekondari, akasema tuhamishe zote kabla hazijaoza. Tukaenda dukani kwa Dadi, karibu na stendi ya Msamvu.

"Chukua hii, mama yangu," Dadi akasema, akipigapiga kompyuta kubwa kama kreti la soda. "Hii inabeba ukoo mzima."

"Na umeme je?" nikauliza.

"Umeme si upo?"

"Upo kwako," Evance akamjibu. "Kwetu mita ya luku ikisikia jina la hilo dude inazimia. Tunataka kitu kidogo, kikae kimewaka kutwa bila kutumaliza, mzee abonyeze rimoti tu ajione."

Tukachagua kisanduku cha ukubwa wa mkate. Hakina feni, hakina kioo, kinakula umeme kama taa ya kibarazani. Unakiunganisha kwa waya kwenye ruta ya intaneti, video zinatokea kwenye televisheni. Ndani mna diski mbili, kinachoingia kwenye moja kinaingia na kwenye ya pili. "Moja ikifa, mwenzake anabaki na kila kitu," Evance akanieleza. Tulichagua vizuri, hata leo sisemi vingine.

Tukakiweka sebuleni chini ya televisheni. Severin akawa anajitazama kila jioni, midomo inafuata maneno. Mjukuu wetu Stella alizaliwa baada ya ile operesheni, kwa hiyo sauti ya babu yake aliijua hapo tu. Kanda zenyewe zilishaanza kunuka, tukazichoma na takataka. Kadi ya simu ambayo Evance aliitumia kuhamishia, akafuta video, akaijaza nyimbo. Tulijua tuna diski mbili.

Kisha mama mkwe wangu, Yuliana, akafariki.

Mnajua msiba ulivyo. Sebuleni vinatolewa vyote, makochi, meza, kabati, watu wakae kwenye mikeka. Kazi hiyo waliishika watani wa ukoo, ambao kwa mila wana ruhusa ya kutania msibani na kushika vitu mpaka vikombolewe, na mkubwa wao ni Kondo. Akafika chini ya televisheni, akakishika kisanduku. Taa yake ya kijani inawaka na kuzima.

"Na huyu nani?" akasema. "Watu wanalia, yeye anakonyeza. Marehemu alikuwa na mchumba humu ndani, mkatuficha?"

Wanawake wakacheka na machozi yao.

"Kondo, hicho kiache," nikasema.

"Nikiache kiendelee kutongoza? Mama Evance, huyu amekamatwa. Leteni kuku ndiyo nimwachie."

Akang'oa nyaya kikiwa kinafanya kazi. Nitainukaje mkekani, mkwe wa marehemu, nikagombane na mtani? Evance alikuwa amekwenda kutafuta gari la kupeleka maiti Matombo. Severin alikuwa mlangoni, aliona. Akapiga makofi, akapiga tena, kwa nguvu. Watu wakadhani ni uchungu wa mama yake, wakamshika mabega, wakamkalisha, wakamwambia pole, jikaze.

Kondo akakitia kwenye beseni, akaliweka nyuma ya nyumba pamoja na makochi. Mvua ikashuka kutoka Uluguru, ile isiyotoa taarifa. Watu wakakimbilia magodoro na unga. Beseni likajaa.

Tulipotoka kuzika, Evance akakipeleka kwa fundi, na mimi nikaenda naye.

"Diski zote mbili zimekufa?" nikamuuliza fundi.

"Mama, zilikuwa beseni moja," akasema. Hakuniangalia.

Kondo alikuja mwenyewe, kuku mkononi, hana utani hata mmoja. Severin akampa mkono. Angefanya nini? Mtani hakasirikiwi. Lakini kuku yule hatukumla, alikaa pale uani mpaka jirani akamchukua.

Kwa hiyo nawaambia: msiweke kitu hicho sebuleni. Siku ya msiba sebule si yenu, ni ya watu. Na nakala nyingine ikae nyumba nyingine, kwa dada, kwa shemeji, popote. Mbili ndani ya sanduku moja ni moja. Sisi tumewazungukia wote tuliowahi kusherehekea nao, kuomba kanda zao. Tumepata harusi moja tu, Severin anaongoza kwaya, ameipa kamera mgongo, hasemi neno.

Majuzi Stella akaniuliza, "Bibi, babu alikuwa anasemaje?"

Nikajaribu. Nikashusha sauti kifuani, nikasema kama alivyokuwa akisema, "Sauti ya tatu, mmelala?" Severin alikuwa anamenya viazi. Akatikisa kichwa. Nikajaribu polepole zaidi. Akatikisa tena. Nikajaribu mpaka koo likaniuma, mtoto akaondoka akaenda kucheza.

"Si hivyo?" nikamuuliza. "Ilikuwaje, basi? Wewe unaikumbuka?"

Midomo yake ikaanza kufuata maneno kama zamani mbele ya televisheni, kisha ikasimama. Alikishika kile kiazi, akakitazama kana kwamba hajui kilifikaje mkononi mwake.