Nguzo Mbili Kwenye Visanduku Vinne

Mwalimu Yunia Mongina aliingia katika mambo ya gazeti kwa sababu ya neno moja tu. Ilikuwa Jumanne asubuhi, naye ameketi mlangoni kwake Kimulot, miwani puani, akijaza chemshabongo ya siku ile kwenye simu. Swali la nne liliuliza: anayechuma majani ya chai, herufi sita. Akaandika mchuma. Visanduku vikageuka vyekundu. Akafuta, akaandika tena, vikageuka vyekundu tena. Alipochoka akabonyeza mahali pa kuonyesha jibu, na simu ikamwambia kwamba jibu ni mchumi.

Yunia alikuwa amefundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja katika shule za msingi za Konoin. Alikuwa amestaafu miaka miwili iliyopita, mume wake Joab alishatangulia mbele ya haki, na tangu hapo hakuna mtu aliyemuuliza swali lolote la maana zaidi ya bei ya maziwa. Akawaandikia wenye gazeti ujumbe. Aliwaeleza kwa adabu kwamba mchumi ni mtu wa ofisini anayezungumza juu ya mfumuko wa bei, na kwamba yule anayeingia shambani umande ukiwa bado kwenye majani ni mchuma au mchumaji. Akamalizia kwamba yeye mwenyewe ni mmoja wao, na jana alinyeshewa akichuma.

Hakutarajia jibu. Alhamisi, pikipiki ikasimama langoni, akashuka msichana mwenye mkoba wa kompyuta. Alijitambulisha kuwa Dorine, mwandishi wa gazeti lile, Mwangwi wa Nyanda, kutoka Kericho mjini, na kwamba ndiye aliyefanya kosa lile. Yunia akamkaribisha ndani, akateleka chai.

Dorine alikuwa mtu wa kusema kweli. Alieleza kwamba gazeti lao liliacha kuchapishwa kwenye karatasi, sasa linasomwa kwenye simu peke yake, na wasomaji walikuwa wakitupia kichwa cha habari jicho moja kisha wanaondoka. Mhariri wao, Weldon, akaona magazeti makubwa yanavyofanya: yanawapa watu mchezo wa maneno kila asubuhi, kwa sababu anayerudi kucheza leo atarudi kesho pia, na akishafika mlangoni huenda akaingia ndani asome. Basi kazi ya kutunga ikamwangukia Dorine, juu ya kazi zake nyingine zote. Yeye akaiachia kompyuta itoe maneno, na kompyuta haijui chai.

“Mwalimu, tafadhali tutungie wewe,” alisema. “Mimi hicho Kiswahili chenu cha ndani kinanishinda.”

Yunia alijifanya anafikiri, ingawa moyo wake ulikuwa umeshakubali kabla chai haijapoa. Akatoa sharti moja: kila swali liwe la haki. Mtu aliyeishia darasa la nane aweze kulipata akitulia.

Hivyo ndivyo alivyoanza. Kila asubuhi Dorine alimtumia habari za siku, naye alichora mraba wake kwenye daftari la hesabu, kwa penseli, akifuta na kupuliza. Baada ya wiki mbili akaleta wazo lililomfurahisha Weldon mno: jibu la swali moja kila siku lifichwe ndani ya habari. Asiyesoma habari hawezi kumaliza mraba. Tangu siku hiyo watu waliacha kutupia jicho. Walisoma habari kuanzia juu hadi chini, na wengine mara mbili.

Yunia aliyaona hayo kwa macho yake kwenye kituo cha kuuzia majani. Alasiri, wakulima walipokuwa wakingoja lori la kiwanda, walikusanyika karibu na jirani yake Chepkemoi, aliyekuwa na simu yenye kioo kikubwa. Chepkemoi alisoma swali kwa sauti, na kila mtu akatupa neno lake. Wakipsigis na Wakisii walibishana kwa Kiswahili, kila upande ukidai mwingine unaharibu matamshi, na kicheko hakikukosekana. Aliyetunga alijulikana kwa herufi mbili tu, M.Y., na hakuna aliyemfikiria mama aliyeketi pembeni akichambua majani yake, akitoa yale magumu. Siku moja mzee mmoja alisema M.Y. lazima awe profesa wa Nairobi. Siku nyingine Chepkemoi alisema M.Y. ni mtu mbaya anayependa kutesa watu. Yunia alirudi nyumbani na maneno yote mawili, na hakujua ni lipi lililomfurahisha zaidi.

Halafu likaja jambo la daraja.

Asubuhi hiyo Dorine alituma habari fupi kwamba daraja la miguu lililongojwa kwa muda mrefu, kwenye kijito kimoja upande wa msituni, limekamilika. Habari ilisema limesimama juu ya nguzo sita. Yunia akaona swali hilo hapo hapo: daraja jipya lina nguzo ngapi, herufi nne, soma habari ya pili. Jibu, sita. Likaingia vizuri kwenye mraba, likakutana na neno siagi, naye akaenda shambani akiwa ameridhika.

Alipofika kituoni alasiri, hakukuwa na kicheko. Chepkemoi alikuwa amesimama katikati ya watu, simu mkononi, amekasirika. Dada yake mkubwa alikuwa ameolewa ng’ambo ya kijito kile kile, na watoto wa huko bado walivuka majini kwenda shule, viatu wamevishika mkononi.

“Daraja gani?” alikuwa akisema. “Kuna nguzo mbili tu zimesimama, hata ubao mmoja hakuna. Na mbili haiingii kwenye hivi visanduku vinne. Huyu M.Y. hajawahi kufika huko.”

Yunia alitua kikapu chake chini. Angeweza kunyamaza, lori lilikuwa limeshasikika likipanda mlima. Lakini alikuwa amewasimamisha watoto wa watu mbele ya darasa miaka thelathini na mmoja na kuwaambia wakubali makosa yao.

“Ni kweli, sijafika,” alisema. “M.Y. ni mimi, Mwalimu Yunia.”

Walimgeukia wote. Yule mzee aliyesema habari za profesa alisogea karibu amwone vizuri. Chepkemoi akamwonyesha picha ambayo dada yake alikuwa ametuma: nguzo mbili za zege, nyasi zimezizunguka, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita katikati.

Yunia alimpigia Weldon simu pale pale. Mhariri alikuwa ameshajua. Jumbe mia mbili na kumi na tatu zilikuwa zimeingia tangu asubuhi, nyingi zikiwa na picha. Alikiri kwamba habari yenyewe ilitoka kwa mtu aliyepewa kazi ya kujenga, na hakuna mwandishi aliyekwenda kuona. Mpango wake ulikuwa kuifuta habari kimyakimya na kubadilisha lile swali, liulize kitu kingine cha herufi nne. Alimwomba Yunia asijisumbue, maana chemshabongo ni mchezo tu.

“Weldon,” alisema Yunia, akishusha sauti kama alivyoishusha zamani darasani, “hawa watu tuliwaambia wasome kila mstari. Wamesoma. Sasa tukifuta, wataona tuliwasikia tukanyamaza. Ukifuta, mimi sitatunga tena.”

Kisha Weldon akasema kwamba atampigia Dorine.

Dorine alifika kwenye kijito siku ile ile kabla giza halijaingia. Alipiga picha, akazungumza na dada yake Chepkemoi na akina mama wengine, akavua viatu akavuka mwenyewe. Kesho yake Mwangwi wa Nyanda liliomba radhi juu kabisa ya ukurasa, na habari ya kweli ikafuata. Yunia naye aliamka mapema akauchora mraba upya. Swali la kwanza liliuliza: daraja lina nguzo ngapi, herufi tano, safari hii tumekwenda kuhesabu.

Watu waliocheza siku hiyo walikuwa wengi kuliko siku nyingine yoyote tangu gazeti lihamie kwenye simu. Weldon aliogopa kwamba wamekuja kuwacheka, na wengine walikuja kwa hilo kweli. Lakini walikaa wakasoma, na jumbe zilizoingia zilikuwa za upole, nyingine zikitaja barabara na vituo vya maji vinavyofaa kwenda kuhesabiwa pia. Weldon akaweka utaratibu kwamba habari yoyote itakayoingia kwenye chemshabongo lazima mtu awe ameifikia kwa miguu yake. Baadaye waandishi wakaona ni aibu kuziacha habari nyingine bila kufikiwa. Mwezi haukuisha kabla mafundi hawajarudi kwenye kijito na mbao, na dada yake Chepkemoi akatuma picha nyingine, watoto wamesimama juu ya daraja wamevaa viatu.

Kituoni, Yunia hakuachwa tena akae pembeni. Walimpa kiti cha plastiki, na pamoja na kiti wakampa malalamiko yao yote. Mzee mmoja alitaka maneno ya ng’ombe yaongezwe. Mwingine alidai swali la Ijumaa halikuwa la haki, na baada ya kulitazama upya Yunia alikubali.

Jioni moja Chepkemoi akamwambia kwamba naye ametunga swali lake. Alikuwa ameliandika nyuma ya risiti ya mbolea, akalisoma taratibu: asubuhi huenda shambani tumbo tupu, jioni hutoka ameshiba, naye hajala. Herufi sita.

Yunia alijaribu. Akataja ng’ombe, watu wakacheka. Akahesabu herufi za neno jingine kwa vidole, akakosa. Aliomba apewe herufi ya kwanza, Chepkemoi akakataa, akamwambia angoje hadi kesho. Lori likafika, majani yakapimwa na kupakiwa, kila mtu akashika njia yake.

Alipanda kilima peke yake, akilirudia swali lile mdomoni, na kila jibu lilimshinda. Karibu na lango, mkanda ukateleza begani. Akainua mkono kukirudisha kikapu chake kitupu mgongoni, akasimama mkono ukiwa bado juu, kisha akaanza kucheka, na alikuwa bado anacheka alipofungua mlango.