Kibao cha Picha ya Saba

Kila nyumba ya kambi ya wafanyakazi ya Kolwezi ilikuwa na mkono wa Badibanga mlangoni. Namba zile nyeusi, zilizonyooka kama askari kwenye gwaride, alizichora yeye, na mabango ya njiani pia: Hatari, Usivute Tumbako, Vaa Kofia. Alikuwa mpaka rangi wa kwanza katika atelye, karakana ya kampani, mtu aliyesomeshwa na mapadri kule Kasai, mwenye Kifaransa cha kutosha na mwandiko ambao makarani wenyewe waliuonea wivu. Mwaka ule wa 1956 alitimiza miaka kumi na mitano kazini. Ufunguo wa stoo ya rangi ulikaa mfukoni mwake.

Nkulu alifanya kazi chini yake. Alikuwa mtu wa Bukama, mwembamba, mpole mpaka kuudhi, na katika kusoma alijua namba na jina lake, basi. Badibanga ndiye aliyemfundisha kuchanganya rangi na kuvuta mstari bila mkono kutetemeka. Na kila Nkulu alipoomba masalio yaliyobaki chini ya mikebe, Badibanga alimpa bila kuuliza. Alidhani anapaka viti vya nyumbani kwake.

Kumbe alikuwa anapaka watu.

Mambo yalifichuka kwa sababu Ndaya, mke wa Nkulu, aliugua. Mademoiselle Simone, mzungu aliyefundisha wanawake kushona katika foyer, jumba la akina mama wa kambi, akaenda kumtazama, na ukutani akakuta vipande vya magunia ya unga vilivyowambwa kwenye mbao, vimejaa rangi na watu. Karibu asahau kumuuliza mgonjwa hali. Miezi mitatu baadaye kambi nzima ilikuwa inasema jambo moja: Nkulu atafanyiwa maonyesho katika ukumbi wa cercle, klabu ya wazungu, picha zake peke yake, na mtu wa gazeti atatoka Elisabethville kuja kuziona.

Badibanga aliisikia habari hiyo akiwa juu ya ngazi. Alishuka, akasimama chini, akatazama bango, akaona ameandika herufi moja mara mbili.

Maana yeye naye alichora. Alichora milima yenye theluji, na ziwa, na mabata meupe yenye shingo ndefu, picha alizozinakili kwenye kalenda. Mbili zilitundikwa katika nyumba za wazungu. Kesho yake aliviringisha sita zilizo nzuri kuliko zote, akazipeleka kwa Mademoiselle Simone. Alizitazama moja moja, kwa adabu.

“Mkono wako ni safi sana, Badibanga,” alisema. “Lakini hii theluji, uliiona wapi?”

Badibanga alicheka. Aliendelea kucheka njia nzima mpaka Dilala, upande wa kambi alikokaa, kicheko cha kuumiza mashavu, na alipofika nyumbani alizisukuma zile picha chini ya kitanda na hakula.

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Kazini alimtuma Nkulu kusugua mikebe iliyokwisha kusuguliwa. Nkulu alisugua, akiimba kwa sauti ya chini, na ule wimbo ndio uliomchoma Badibanga kuliko yote.

Atelye ilipewa amri ya kupaka ukumbi chokaa na kutundika picha. Aliyepewa amri ni Badibanga. Jumatano Nkulu alifika na mkokoteni, akashusha magunia yake kama mtu anayeshusha mayai.

“Tata Badibanga,” alisema, “mi sijue kuandika Kifransa. Mi nitakuambia jina ya kila picha, we utaandika pa kibao. Mwandiko yako iko muzuri kupita ya mashine.”

“Leta,” alisema Badibanga.

Zilikuwa kumi na mbili. Wanaume wakinawa vumbi jekundu bombani. Swedi, fundi wa baiskeli, akiutumbukiza mpira kwenye beseni kutafuta tundu. Wanawake wawili wakigombania ndoo, na wa tatu pembeni akicheka mpaka ameshika mbavu. Mtu aliyetoka kazini, amelala amekaa, buti bado miguuni. Badibanga alitafuta makosa kama mtu anayetafuta chawa katika nguo iliyofuliwa. Aliyapata: mkono huu mrefu, kivuli hiki kiko upande usio wake. Lakini makosa hayo hayakumsaidia kitu. Watu wale walikuwa wanapumua.

Picha ya saba ilikuwa ya wanawake siku ya posho. Mbele alisimama karani na mizani yake. Nyuma yake mstari mrefu wa mabakuli, vitambaa na watoto migongoni. Wa tatu kutoka mwisho alikuwa mwanamke mwenye kitambaa cha buluu, ameegemeza bakuli kiunoni, mguu wa kushoto ameupandisha juu ya kifundo cha wa kulia, anapumzika hivyo akiwa wima. Anacheka peke yake, kidogo tu, kwa jambo analolijua mwenyewe.

Badibanga hakuhitaji kuambiwa. Ni Mbombo, mkewe wa miaka kumi na minne, mama wa watoto wake wanne. Kicheko kile aliwahi kukiona mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Alidhani kimekwisha, kama yanavyokwisha mambo ya ujana. Kumbe kilikuwapo kila Jumamosi, kwenye mstari wa unga na makayabu, samaki wa chumvi, na mtu mwingine alikuwa anakitazama.

“Na hii?” aliuliza.

“Hii ni ‘Bamama siku ya posho’.”

“Unabajua hawa bamama?”

“Kwa sura tu, tata. Kila samedi ninaikalaka kule na karatasi. Bo banacheka.”

Jioni hiyo, mbele ya bukari, ule ugali wao, alimuuliza Mbombo kana kwamba anauliza habari za mvua: “Nkulu anakuyaka pa posho?”

“Anakuyaka. Siku ya kwanza tulikimbia. Halafu alituomba ruhusa, sisi bote, na sasa tunamuzoea.”

“Na we ulimuambia nini?”

“Nilimuambia asinichore na tumbo kubwa.” Mbombo akacheka. “Tutaenda kuona picha samedi, mi na benzangu Mbelu na Tshiela. Tulisha kununua kitambaa moja, sisi batatu.”

“Juu ya nini hukuniambia?”

Mbombo alimtazama kwa mshangao wa kweli. “Nikuambie nini? We unachoraka mabata ya Bulaya. Nilifikiri watu habakupendezi.”

Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa kwa ubaya angepata la kujibu.

Ijumaa Badibanga alijifungia katika atelye na vibao kumi na viwili na brosi nyembamba. Sita aliviandika kama alivyoambiwa. Kwa cha saba mkono ulisimama. Pale kambini neno moja lilikuwa la hatari kuliko baruti, nalo ni mizani. Kila mtu alinung’unika kwamba mizani ya posho inapunja. Hakuna aliyelisema kwa sauti tangu wanaume wawili waliolisema walipopakizwa treni na kurudishwa kwao. Badibanga alichovya brosi. Kwa herufi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, akaandika *La balance du voleur*, yaani mizani ya mwizi.

Alijiambia ni mzaha. Baadaye alijiambia kwamba wataiondoa picha ile moja tu, na ni haki, maana mke wa mtu si kitu cha kutundikwa ukutani watu wakodoe macho. Mwenye wivu hakosi sababu. Anazo gunia zima. Rangi ilipokauka, na vitano vya mwisho vimeandikwa, alikiweka kibao pamoja na vingine, akafunga mlango.

Jumamosi saa nane wazungu waliingia kwanza. Watu wa kambi walipangiwa saa kumi. Nkulu alisimama karibu na mlango ndani ya koti la kuazima, mikono hajui aiweke wapi. Badibanga alikuwapo pia, na nyundo na misumari, kama picha ingelegea. Mtu wa gazeti aliandika na kuandika. Mademoiselle Simone uso wake uling’aa. Kila sifa iliyotamkwa Badibanga aliisikia, hata zile za kunong’onwa upande wa pili wa ukumbi, na kila moja ilimwingia kama kibanzi chini ya ukucha.

Mkuu wa kambi alifika kwenye picha ya saba. Alisoma kibao. Akakisoma tena, na shingo yake ikawa nyekundu.

“Nkulu! Nani ameita picha hii hivi?”

Nkulu alisogea, akakitazama kibao kama mtu anavyotazama mlango uliofungwa. Ikabidi Mademoiselle Simone amsomee kwa Kiswahili.

“Hapana,” alisema Nkulu. “Hapana, Bwana. Mi nilisema bamama siku ya posho.”

Mkuu akageuka. “Badibanga?”

Mtu angeweza kurudi hapo. Badibanga alijua, hata mwisho wa maisha yake alijua, kwamba pale palikuwa na nafasi ya kusema nimekosea, upana wa pumzi moja.

“Niliandika alivyoniambia, Bwana.”

Nkulu hakupiga kelele. Alimtazama tu, akasema, “Tata?” Neno moja, kwa kuuliza, kama mtu aliyeguswa begani gizani.

Walinzi wawili waliing’oa picha, wakaenda nayo na kibao chake. Nkulu aliambiwa arudi nyumbani angoje. Picha nyingine ziliachwa, kwa kuwa mtu wa gazeti alikuwa bado anatazama.

Saa kumi wanawake walifika. Mbombo, Mbelu na Tshiela, watatu kitambaa kimoja, mafuta yanang’aa mikononi. Walizunguka ukumbi wote, wakamcheka Swedi na beseni lake, wakazunguka tena. Kati ya picha ya sita na ya nane palikuwa na msumari. Badibanga aliwaona kutoka dirishani, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mbombo alirudi nyumbani peke yake. Hakuvua kitambaa kipya. Alikaa mbele ya mumewe.

“Nilimukuta Ndaya pa mlango ya nyumba yabo. Nilimuuliza picha yetu iko wapi. Ananiambia: banaitosha juu ya neno ya mizani pa kibao, uulize bwana yako.”

Badibanga aliinama kufungua kamba za viatu.

“Nkulu hajue Kifransa,” alisema Mbombo polepole. “Nani alimupatia lile neno?”

Badibanga aliitazama mikono yake, na hilo lilikuwa jibu.

“Mi nilikuwa ndani ya ile picha?”

“Ulikuwa.”

“Namna gani?”

“Ulikuwa muzuri,” alisema mwishowe.

“Unafikiri ule muntu ananitaka?”

Badibanga alitikisa kichwa. Angependa iwe hivyo. Kwa jambo hilo wanaume wana dawa, wanapigana, watu wanawaamua, yanakwisha. “Hapana. Alikuona. Mi niko na we miaka kumi na ine, na sikuona. Njo ile tu.”

Mbombo alifunika uso kwa ncha ya kitambaa kipya. Hakulia sana. Aliponyanyuka alisema, “Lundi watamufukuza. Na bibi yake mugonjwa.” Akaenda kulala na watoto.

Jumatatu, kabla king’ora cha kazi hakijalia, Badibanga alikuwa mlangoni pa ofisi. Alisema yote akiwa amesimama: kibao, neno, uongo. Mkuu wa kambi alimsikiliza bila kumkatiza, na mwisho alionekana hajui amkasirikie nani kwanza. Nkulu alibakizwa kazini. Badibanga alinyang’anywa ufunguo wa stoo na kupelekwa mgodi wa Mutoshi, kupaka mabehewa pamoja na vibarua wa jana na juzi.

“Na picha, Bwana?” aliuliza kabla ya kutoka.

“Ilichomwa Jumamosi ile ile.”

Alikwenda mpaka nyuma ya ofisi, akaona majivu, na kipande cha ubao chenye msumari. Hakuna alichoweza kukifanya na majivu. Akavua kofia, akaenda kwa Nkulu.

Nkulu alimpokea nje, hakumpa kiti. “Nasikia ulienda kusema. Aksanti. Lakini usikuye tena kwangu, tata.”

“Unaweza kuichora tena? Nitakutafutia rangi, hata ya kununua.”

“Nichore nani?” Kwa mara ya kwanza upole ulimtoka usoni. “Nikifika kule na karatasi, bamama bote banageuza mugongo. Banaogopa. Na bibi yako naye hakuyake tena. Anamutuma Mbelu amubebee posho.” Akaingia ndani.

Miezi iliyofuata Badibanga aliendesha baiskeli alfajiri kwenda Mutoshi na kurudi magharibi, mwekundu kwa vumbi kuanzia kope hadi buti. Jumapili moja alichukua karatasi, akamwomba Mbombo akae. Mbombo alikataa kukaa, ila hakumkataza kuchora. Akamchora akipepeta mahindi. Ilitoka sura nzuri, laini, tulivu, kama mtakatifu wa kwenye kadi za mapadri. Mbombo alichungulia begani kwake.

“Huyu ni bibi ya nani?” aliuliza.

Badibanga alicheka, na safari hii mashavu hayakumuuma sana. Lakini hakuacha. Alichora tena Jumapili iliyofuata, vibaya zaidi.

Kiangazi cha mwaka wa pili, Mbelu alileta gazeti lililokuwa limezunguka kambi nzima mpaka limelegea mikunjo. Nkulu alikuwa ameonyesha picha Elisabethville. Palikuwa na sura yake, ndani ya koti lake mwenyewe. Mbombo aliliweka gazeti mbele ya mumewe.

“Unisomee.”

Wivu ule wa zamani ulimrudia Badibanga mzima, haukupungua hata punje. Alisoma sentensi moja kwa Kifaransa, akaigeuza Kiswahili. Akasoma ya pili, akaigeuza. Walisifu jicho lake. Walisema hakuna katika Katanga yote aliyewaona watu wa migodi jinsi alivyowaona mtu huyu. Hapo Badibanga alivuta pumzi, akaruka mstari mzima, akashuka wa chini.

“Umeruka,” alisema Mbombo.

“We hujue Kifransa.”

“Minakujua we. Rudia pale.”

Alirudia pale. Akalisoma gazeti neno kwa neno, pamoja na jina la Nkulu, mpaka mwisho wa ukurasa, na Mbombo akasikiliza lote akiwa amesimama.