Tia Mwisho

Jina la Mdondo alipewa mbele ya watu, na aliyempa ni mume wa dada yake.

Kabla ya hapo mwanamke huyo alikuwa mchanganyaji wa chakula cha kuku katika kiwanda kidogo cha shemeji huyo: jengo la mabati, mashine ya kusaga, mashine ya kuchanganyia iliyonguruma kama gari bovu, na vumbi la pumba lililokaa hadi kwenye kope. Kazi hiyo aliifanya miaka sita. Dada yake, aliyemtangulia kuzaliwa, alishika funguo za stoo. Shemeji alishika kiti.

Soya ilipoadimika, mchanganyaji ndiye aliyesema wajaribu mashudu ya alizeti. Shemeji alicheka. Nani asiyejua kwamba kuku wa nyama akilishwa mashudu mengi hudumaa? Yana nyuzinyuzi ngumu, na tumbo la kuku halina cha kuzikatia.

"Basi hilo tumbo tulipe mkasi," alisema mchanganyaji.

Mkasi wenyewe ni vimeng'enya, unga mwepesi unaouzwa kwenye ndoo, ambao ukichanganywa kwenye chakula huzikata zile nyuzinyuzi tumboni mwa kuku na kuifungua protini iliyofungiwa ndani. Kwa mwaka mzima alifuga vifaranga hamsini hamsini nyuma ya stoo, akapunguza hiki na kuongeza kile, akapima kuku mmoja mmoja na kuandika kila kitu kwenye daftari lenye jalada jekundu. Kundi la saba lilipofikisha kilo mbili kwa siku thelathini na tano, kicheko cha Shemeji kilikatika.

"Tuwauzie wafugaji," alisema. "Wewe nenda kwa wakamua mafuta ukatukusanyie mashudu ya kutosha. Huku tutaendesha wenyewe."

Alizunguka kwa wakamua mafuta wiki tano. Aliporudi, uwanja wa kiwanda ulikuwa umefurika wafugaji. Kuku wao walikuwa wamedumaa, vinyesi vinanata kama gundi, maranda mabandani yameloa, nyayo za kuku zimetoka vidonda. Mama mmoja alikuja na kuku wake kwenye kapu, akawamwaga chini, na hawakuweza hata kukimbia.

Mchanganyaji alipita katikati ya watu hadi stoo. Ndoo kumi za vimeng'enya alizoziacha zilikuwa pale pale, lakiri hazijaguswa. Shemeji alikuwa ameuona ule unga ni wa gharama bure, akaamua mashudu peke yake yanatosha.

Alitoka mbio kwenda kusema. Akamkuta Shemeji amepanda juu ya mzani wa magunia, kidole kimemwelekea yeye.

"Huyu hapa! Ndiye aliyebuni hicho chakula. Mimi nilimwamini kama damu yangu, kumbe tumefuga mdondo ndani ya nyumba!"

Kila mfugaji anaujua mdondo, ugonjwa unaofagia banda zima kwa siku tatu. Watu walilipokea jina kama walikuwa wakilisubiri.

"Ndoo hazijafunguliwa!" alipiga kelele. "Dada, si funguo unazo wewe? Waambie!"

Dada alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo. Aliangalia kucha zake, akaendelea kuziangalia hadi mdogo wake alipotolewa nje ya geti kwa kusukumwa. Daftari jekundu lilibaki mezani kwa Shemeji.

*

Alipanga chumba kimoja mtaa wa mbali, akapata kazi kwenye machinjio ya kuku. Siku nzima alikuwa akisimama kwenye sakafu yenye maji, amevaa buti na aproni ya plastiki, akipasua na kupima. Jina lilimtangulia hata huko. "Mdondo, leta kisu." "Mdondo, zamu yako." Mwanzoni lilimchoma. Baadaye akaanza kuliitikia haraka haraka, kwa sababu kila alipoitwa alimkumbuka mtu ambaye yeye anamdai.

Hasira yake haikuwa ya moto wa mabua. Ilikuwa mkaa chini ya majivu, na kila asubuhi aliupepea. Akiwa anasugua meno, alimwona Shemeji juu ya mzani. Akiwa anakunja blanketi, alimwona Dada na kucha zake. Walipomtumia salamu alizirudisha zilikotoka. Wenzake wakamwambia mwachie Mungu. "Nimemwachia," alijibu, "lakini naye ana kazi nyingi, nitamsaidia."

Nyuma ya chumba chake akajenga kibanda cha kuku ishirini na kuendelea na majaribio. Huko ndiko alikojifunza jambo ambalo daftari halikuwa nalo. Siku moja alikoroga chakula kwa maji ya moto ili kupunguza vumbi, na kundi zima likadumaa ingawa vimeng'enya alivitia. Akachukua ndoo na kusoma maandishi madogo ya ubavuni, yale ambayo hakuna anayeyasoma: joto kali huviua. Mvuke ukivipata, unabaki na unga tu. Akacheka peke yake, maana jibu alikuwa akilikalia kila siku alipoigeuza ndoo kuwa kigoda.

Mwaka wa nne, ushirika wa wafugaji ukatangaza shindano. Ulitaka chakula chenye mashudu badala ya soya, na atakayeshinda ndiye atakayelisha mabanda yote ya wanachama. Mwenyekiti, mama mnene asiyependa maneno mengi, alisema kila mshindani atapewa vifaranga mia moja wa kundi moja, chumba kimoja katika banda moja, na mhudumu wa banda atakuwa yule yule kwa wote. Siku ya thelathini na tano, mzani utasema.

Wawili tu ndio waliojiandikisha. Shemeji, ambaye alikuwa amenunua mtambo mpya wa kushindilia chakula kwa mvuke kikawa punje ngumu za kupendeza. Na Mdondo. Mwenyekiti alipolisoma jina hilo, wafugaji waliguna.

"Kuku hawasomi majina," alisema mwenyekiti, akamwandika.

*

Wiki moja kabla ya kuanza, Dada alibisha hodi. Miaka minne hawajaonana. Alikuwa amekonda, na mkononi alishika daftari jekundu.

Mdondo alimpa kigoda, yeye akabaki amesimama.

"Mdogo wangu," Dada alianza, "najua sina uso wa kuja hapa."

"Lakini umekuja."

"Damu ni damu. Safari hii Shemeji yako amekubali kuvitia hivyo vimeng'enya, kipimo kile kile chako. Ila kuna mahali umeandika 'tia mwisho'. Mafundi wanabishana. Mwisho wa nini?"

Zamani, kwenye kiwanda kile, baada ya kuchanganya hakukuwa na kitu kingine. Chakula kilitoka kikaingia kwenye magunia. Sasa baada ya kuchanganya kulikuwa na mvuke. Mdondo aliona yote hayo kwa mara moja.

"Hilo shindano linakuhusu nini wewe?" aliuliza.

"Na mimi nimejenga banda langu," Dada alisema, sauti imeshuka. "Kuku elfu mbili. Wangu mwenyewe, si wake. Nataka nisimame kwa miguu yangu, nikimaliza nimwache. Nitawalisha chakula hicho hicho."

Palikuwa na nafasi. Mdondo aliikumbuka baadaye kwa miaka mingi: maji yalikuwa yakichemka jikoni kwa jirani, mtoto akilia mahali, na neno moja lilikuwa kwenye ulimi wake. Baada. Tieni baada ya mvuke, kikishapoa. Neno lenyewe halikuwa zito. Akaangalia mikono ya Dada iliyoshika daftari, akaona zile kucha.

"Fanyeni kama nilivyoandika," alisema. "Mkimaliza kuchanganya, tia mwisho."

Dada alimshika mkono, akalia. "Mungu akulipe," alisema.

Mdondo alimsindikiza hadi barabarani, kama mtu anavyomsindikiza mgeni.

*

Siku kumi za kwanza watu walimcheka. Punje za Shemeji zilikuwa ngumu na safi, kuku wakizigombania. Chakula cha Mdondo kilikuwa unga uliochanganywa baridi, kikimwagika hovyo. Kuku wa Shemeji walikuwa mbele kidogo kwa uzito, naye alikuja kila siku na shati jeupe kuwaonyesha watu.

Siku ya kumi na nane, mhudumu wa banda alibadilisha maranda kwenye chumba cha Shemeji. Siku ya ishirini akabadilisha tena. Kufikia ya ishirini na tano alikuwa akibadilisha kila siku, na harufu kali kama ya mkojo ilikuwa ikichoma macho. Upande wa pili maranda yalikuwa makavu, na kuku walitembea kwa kishindo kama wenye nyumba.

Mdondo alikuja kila alasiri baada ya kazi, akasimama kwenye wavu, akatazama chumba cha mwenzake kuliko chake. Alihesabu kuku waliokaa chini. Alirudi nyumbani na kula kwa hamu ambayo hakuwa nayo miaka minne.

Siku ya thelathini na tano walipima mbele ya wanachama wote. Wa Shemeji: kilo moja na robo. Wa Mdondo: kilo mbili na gramu mia moja. Mwenyekiti aliomba wapime upya, wakapima upya.

"Vifaranga wangu walikuwa na ugonjwa!" Shemeji alisema. "Kuna hujuma hapa. Huyu mwanamke mnamjua!"

"Vifaranga wametoka kundi moja," mwenyekiti alisema. "Acha aseme."

Mdondo alipanda juu ya mzani wa magunia. Hakupandisha sauti.

"Vimeng'enya vyake vimekufa kwenye mvuke. Imeandikwa kwenye ndoo, lakini shemeji yangu hasomi, huwa anaiba vilivyosomwa na wengine. Na miaka minne iliyopita, kuku wenu walipodumaa, havikutiwa kabisa. Ndoo kumi zilikuwa na lakiri zake. Mimi nilisema, mkaniita mdondo. Aliyeshika funguo yupo hapa. Muulizeni."

Vichwa viligeuka. Dada alikuwa ukutani, macho mekundu. Asubuhi ile alikuwa ametoka kuzika kuku mia tatu wa banda lake.

"Twende nyumbani, mke wangu," Shemeji alisema haraka.

"Ni kweli," Dada alisema. "Funguo zilikuwa kwangu. Aliniambia nisifungue, sikufungua. Mdogo wangu hakuwa na kosa."

Mama aliyewahi kuleta kuku kwenye kapu ndiye aliyesogea wa kwanza. Alimshika Shemeji shati kifuani, lile jeupe, akamtikisa bila kusema neno, na ikabidi wanaume watatu waje kuwaachanisha. Shemeji aliondoka kwa kusukumwa. Mdondo alisimama juu ya mzani hadi alipoona amepita getini, kisha akashuka.

*

Dada alimngojea kwenye bomba la kunawia, watu walipotawanyika.

"Nilipokuja kwako," alisema, "habari ya mvuke ulikuwa unaijua?"

"Nilikuwa naijua."

"Nikakwambia kuhusu banda langu."

"Ukaniambia."

Dada alifunga bomba, akajikausha mikono polepole kwenye gauni. "Mimi nilinyamaza kwa uoga," alisema. "Wewe umenyamaza kwa makusudi." Akaondoka bila kuaga.

Mdondo alifungua bomba, akanawa, akashika njia ya nyumbani. Jibu lilimjia njiani, akalipenda, akalirudia: kuku waliodumaa hawajali kama aliyenyamaza aliogopa au alikusudia. Lakini Dada alikuwa ameshakwenda.

Ushirika ulimpa kazi. Mtambo wa Shemeji uliuzwa, na mafundi wake wakahamia kwa Mdondo, akawapokea wote. Shemeji naye alikuja siku moja kuomba kazi ya stoo. Alimwacha asimame juani getini asubuhi nzima, akipita mbele yake na mafaili, kisha akamtumia mtu amwambie nafasi zimejaa. Hazikuwa zimejaa. Wala hakuona aibu.

Mama yao, aliyekuwa akiishi kwa kaka yao mji mwingine, aliposikia alikuja na mfuko mmoja wa nguo, akawakalisha mabinti zake wawili kwenye mkeka mmoja. Dada alikuwa ameshaachana na mumewe, amepata kazi ya kushona sare za shule.

"Sitaki kujua nani alianza," mama alisema. "Ombaneni radhi, mimi nipate usingizi."

Dada alitangulia. Aliomba radhi kwa zile funguo, kwa ule uwanja, kwa miaka minne. Aliyataja moja moja na hakujitetea.

Wakamgeukia Mdondo. Alijua kinachotakiwa kusemwa. Alikitafuta kwa uaminifu, akakuta mahali pake pana ule mkaa tu, umepungua lakini una moto.

"Nimekusikia, Dada," alisema.

Mama alingoja nyongeza. Haikuja. Akashusha pumzi, akanyanyuka kwa kushika goti, akasema kwa leo na hilo litatosha, akauliza nani atamsaidia kuchambua mchele. Wote wawili wakainuka.