Sauti ya Unga wa Manjano

Kinanti aliichonga chemba ile ya kupimia unga kwa sauti kwa mikono yake: mrija wa shaba, kijumba kidogo cha kuwekea unga, maikrofoni ubavuni. Mwanga ukiupiga unga kwa vipindi, unga hupata joto na kupoa, hewa ikatetemeka, na chemba ikaikuza sauti hiyo. Maabara nzima pale mjini Yogya ilimwonea kijicho, naye, tuseme kweli, aliringa. Kiburi si maungwana, lakini nani angemwambia?

Wiki tatu nyuma alipima unga wa manjano wa kiwanda kimoja cha mitishamba. Ulikuwapo uvumi kwamba wanautia rangi yenye madini ya risasi, sumu inayomfikia hata mtoto tumboni, ili ung'ae. Kwenye mwanga ambao manjano safi huupokea kimya lakini rangi hiyo huupigia kelele, chemba ilinyamaza. Akaandika: safi. Mdogo wake Wening, mwenye mimba ya miezi saba, alimuuliza, "Dada, maji ya manjano yao ninywe tu?"

"Kunywa bwana, nimeupima mimi."

Leo asubuhi Seno, mwenzake mpenda mzaha, alijaza unga wa makaa kwenye chemba awaonyeshe wanafunzi. Makaa humeza mwanga wote, kwa hiyo yalipaswa kupiga kelele. Yakanong'ona.

"Dada Kinanti, haya makaa yako yamefunga Ramadhani?"

Hakucheka. "Umetia kiasi gani?"

"Kijiko. Si kama unavyotia wewe?"

Chemba aliitafutia mlio wake, ule inaoukuza kuliko yote, kwa masizi yaliyopakwa kwenye kibati, membamba kama rangi ya kucha, kijumba kikiwa karibu kitupu. Kijiko cha unga kilikula nafasi, mlio ukahama, kama chupa inavyobadili sauti ukiitia maji. Yeye alibaki kusikiliza palepale pa mlio wa zamani. Hilo ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na hakuwa amerudia kupima hata mara moja.

Akajaza unga wa kiwanda, akautafuta mlio upya. Kwenye mwanga uleule uliokuwa kimya, mstari kwenye skrini ulipanda, na haukushuka.

"Risasi hiyo," Seno akasema, mzaha umemwisha.

Kinanti alipiga simu. "Wening, leo umekunywa?"

"Tangu alfajiri. Mbona unahema?"

"Uliobaki mwaga. Mwaga sasa hivi!"

"Haujabaki, dada. Niliwagawia wajawazito wenzangu wa kliniki. Walikuwa wanauogopa, nikawaambia umeupima wewe."