Mdomo Uliofunguka Wenyewe

Mke wangu Wubalem alipeleka watoto wanne kwenye Meza ya Bwana, na yeye mwenyewe hakuwahi kuonja hata tone. Huku kwetu Gojam ndivyo mambo yalivyo. Wachanga hubebwa wakapokea, wazee waliochoshwa na dunia hupokea, na sisi wa katikati tunasimama nyuma na shuka zetu nyeupe tukimeza mate. Mume na mke wakitaka kupokea, sharti wafunge ndoa ya Meza, na ndoa hiyo haina mlango wa kutokea. Sisi tulioana kwa mashahidi na karamu, basi. Mimi niliridhika. Yeye hakuridhika hata siku moja.

Nilimwona kwa macho yangu siku alipombeba binti yetu Asnaku. Kasisi alinyoosha kijiko kwenye kinywa cha mtoto, na mdomo wa Wubalem ukafunguka pia, kama wanavyofanya akina mama wakilisha uji. Lakini ukabaki wazi hata kijiko kilipokwisha kwenda kwa mtoto mwingine.

Njiani nikamtania. "We mama, nusura wakutilie wewe!"

"Ulifunguka wenyewe," akasema, akajifunika uso kwa shuka. "Cheka tu. Tufunge ndoa ya Meza, Alemneh."

"Tukishavuna."

Tukavuna mara thelathini na moja.

Visingizio nilikuwa navyo tele. Mimi ni mfumaji, nafuma shuka za watu, na mfumaji hana muda. Mdomo wangu hauna adabu. Pombe ya shayiri naipenda. Wubalem alinisikiliza, akajibu kwamba hata mbwa hula makombo yanayoanguka mezani, yule mama Mkanaani alisema hivyo na Bwana mwenyewe akakubali, sasa wewe Alemneh nani kakuambia u mbaya kuliko mbwa? Nikacheka. Ndani sikuwa nacheka. Kabla ya ndoa ya Meza sharti uungame kwa baba wa roho, na mimi nilikuwa na jambo limenikwama kooni tangu ujana.

Kabla ya Asnaku tulikuwa na mtoto mwingine, wa kwanza, msichana. Kwetu msichana hubatizwa siku ya themanini. Huyu siku ya sitini alishikwa na homa. Mvua ilikuwa inanyesha. Wubalem akaniambia, kimbia, mwite kasisi ambatize kabla hajatutoka. Nilirudi baadaye nimelowa chapachapa, nikamwambia mto umefurika, kasisi ameshindwa kuvuka. Mtoto alikuwa amekwisha kufa. Asiyebatizwa hazikwi ndani ya ua wa kanisa, kwa hiyo tukamzika nje, chini ya ukuta. Hadi leo Wubalem hasimami na wenzake langoni. Husimama kwanza pale ukutani, akainama, ndipo aingie.

La kuvunda halina ubani, walisema wahenga, nami nimevuta ubani wa kanisa miaka yote hiyo nikijinusa.

Mwaka huu, katika Kwaresima, ikafika Jumapili ya yule mgonjwa wa birika. Baba Melaku, ambaye ndiye baba wa roho wa nyumba yetu, akahubiri. Miaka thelathini na minane mtu amelala kando ya maji! Bwana anamuuliza, unataka kupona? Naye badala ya kusema ndiyo, anaeleza kwamba hana mtu wa kumtia majini. Nikajisemea, mwongo huyu. Alikwisha kuuzoea mkeka wake. Kisha machozi yakanitoka mbele za watu, mzee mzima, kwa sababu namjua mtu huyo, nanyoa ndevu zake kila wiki.

Nikaungama. Baba Melaku alinisikiliza mpaka mwisho, akanigusisha msalaba kwenye paji la uso, akaniuliza, "Mama Wubalem anajua?"

"Hajui, baba."

"Basi iache sadaka yako madhabahuni. Kamwambie kwanza. Hamtavikwa vazi moja la ndoa ya Meza mkiwa na hilo katikati."

Siku ya ndoa ilipangwa baada ya Pasaka. Wubalem alikuwa kama bibi harusi wa miaka kumi na minane. Alinifanya nifume shuka mbili mpya, akazirudisha mara tatu kwa sababu ya pindo. Akaimba akichoma kahawa. Ningewezaje kumwambia? Nikaahirisha, nikaahirisha, mpaka Jumamosi mchana, saa ya kuanza mfungo. Anayetaka kupokea Jumapili hatii kitu kinywani tangu saa hiyo, hata maji. Alikuwa amekwisha kuosha kikombe chake na kukifudikiza.

"Wubalem," nikasema, "mto haukufurika."

"Mto gani?"

"Siku ile ya mtoto. Sikufika hata mtoni. Mvua ilinizidi nikaingia kwa muuza pombe nijikinge. Nikanywa kikombe kimoja. Kisha cha pili. Kasisi hakuitwa."

Hakulia. Aliniangalia kana kwamba ananitafuta. Kisha akakigeuza kikombe, akakichovya mtungini, akanywa maji. Akayanywa yote, mbele yangu, bila kuondoa macho usoni kwangu.

"Jamani, mama Asnaku! Mfungo!"

"Nitaendaje Mezani na moyo huu?" akasema. "Nimeitamani miaka thelathini na moja, Alemneh. Sasa ona ulichonifanyia."

Nilitaka ardhi inimeze. Sikula wala kunywa, si kwa utakatifu, kwa aibu tu.

Asubuhi tulikwenda kanisani hivyo hivyo, yeye mbele, mimi nyuma. Baba Melaku alituona tumesimama nyuma kama siku zote, akaelewa, akaendelea na ibada. Asnaku alikuwa amekuja na mwanawe mchanga, Natnael, ili apokee. Ilipofika zamu ya watoto, Wubalem alimtwaa mjukuu. Nikadhani atambeba mwenyewe, kama siku zote. Akanijia moja kwa moja upande wa wanaume, akaniwekea mtoto mikononi.

"Mpeleke wewe," akasema. "Yule hukumpeleka."

Nikatembea bila viatu kwenye mkeka, na mtoto akinivuta sikio. Nilimwaza yule mwingine chini ya ukuta, siku sitini tu, na njia hii ilivyo fupi. Hatua thelathini hazifiki! Kijiko kikaja kwenye kinywa cha Natnael. Nikasikia hewa baridi kwenye meno yangu. Nilikuwa nimeachama, mdomo wazi kama kinda wa ndege, nami nimeshikwa na njaa ambayo sikujua kama ninayo. Shemasi akanikazia macho. Niliufunga kwa shida.

Nikarudi. Wubalem alikuwa ananingoja kando ya nguzo. Akamfunika Natnael mdomo kwa ncha ya shuka yake, nzi asije akaingia, kama inavyopaswa kwa aliyepokea.

"Ulifunguka," akasema.

"Nini?"

"Mdomo wako. Nimeuona."

Akashika ncha ya pili ya shuka, ile niliyoifuma na yeye akairudisha mara tatu, akanifuta machozi nayo, si kwa upole sana.

"Tukitoka tupitie ukutani," akasema. "Umwambie na yeye, kama ulivyoniambia mimi."

"Nitamwambia."

"Na Jumamosi ijayo, baba Asnaku, ikifika mchana, ukifudikize kikombe chako. Changu nitakifudikiza mwenyewe."