Mwalimu Jesca Akosea Hesabu

Wiki tatu nzima Mauwa hakufungua mdomo darasani. Mtoto wa miaka saba, katoka Newala juzijuzi kuja kwa baba yake hapa Kinyerezi, na Kimakonde ndiyo lugha pekee aliyokuja nayo. Basi mwalimu mkuu, Mwalimu Augustine, akaamua: Ijumaa atampima kuhesabu, akishindwa ashushwe chekechea akakae na watoto wa kamasi.

Mwalimu Jesca wa darasa la kwanza roho ilimuuma. Wenzake wanamwita bubu, lakini bubu gani anayepiga soga na mbuzi wa jirani? Jesca mwenyewe Mhaya wa Bukoba, Kimakonde hajui hata salamu, lakini ubishi anao, tena wa kugawa. Alhamisi akamfuata Leonardi, baba wa mtoto, kwenye kibanda chake cha kuchonga vinyago.

"Nifundishe kuhesabu Kimakonde mpaka kumi."

Leonardi alicheka mpaka akashika mbavu. Jesca akahesabu vinyago, akakosea, akarudia, wachongaji wakimshangilia kama wako uwanjani.

Ijumaa ikafika. Mwalimu Augustine kasimama kwenye kona, uso kaukunja. Jesca akaomba aanze yeye, akamwita Mauwa mbele, akamwaga maharage mezani, akaanza kwa Kimakonde: moja, mbili, tatu, tano.

Darasa likaangua kicheko, maana lugha hiyo hawajawahi kuisikia kwa mwalimu. Mauwa hakucheka. Alimtazama Jesca kwa huruma, kama mama aliyemwona mwanawe kavaa gauni nyuma mbele. Kisha akarudisha maharage yote mwanzo, akahesabu mwenyewe kwa sauti, na la nne akaligonga mezani mara mbili ili mwalimu asikie vizuri. Akafika kumi. Akachukua la kumi na moja, akababaika.

Sauti nzito ikamtajia kutoka kwenye kona, kwa Kimakonde safi.

Wote wakageuka. Mwalimu Augustine, anayejiita mtu wa Bagamoyo miaka yote, kajiziba mdomo!

"Makubwa haya!" akasema Jesca. "Kumbe na wewe?"

"Mie nilikuwaga hivi hivi," akasema polepole, macho yamemlowa. "Mwaka mzima dawati la nyuma, naitwa bubu. Sikupata mwalimu wa kunikosea hesabu." Akakohoa. "Huyu habanduki hapa."

Mauwa hayo hayakumhusu. Alimvuta mwalimu mkuu shati, akamsogezea maharage yaliyobaki, akamwambia jambo kwa Kimakonde. Mzee mzima akapiga magoti, akaendelea kuhesabu.