Kamera Juu ya Mikono ya Shangazi

Asubuhi hiyo shangazi yangu alipaka mafuta mikononi mpaka viwikoni. Wageni, wawekezaji wenye kiwanda chetu cha mashati, walitaka kumrekodi akishona kola, na kati ya washonaji wote walimchagua yeye.

"Mama Kola, mpaka kucha umesugua!" alimtania jirani yake, mshona vifungo. "Kamera imekuja kuposa?"

"Ikiposa naikubali. Wewe vidole vyako nani amewahi kuviangalia?"

Laini nzima ikaangua kicheko. Nami nilicheka, nimesimama kando ya wageni, maana kazi yangu ni ukalimani. Shangazi ndiye aliyenilea, akanisomesha uchumi kwa kola hizo hizo. Jioni nikimweleza kwamba mwekezaji akija ajira huongezeka, huitikia kwa kichwa kama yuko kwenye mahubiri.

Mwenye kamera aliomba Shangazi ashone polepole. Nikatafsiri, akapunguza mwendo. Kisha yule mgeni akamwambia mwenzake, kwa lugha yao, kwamba sauti haihitajiki. Kule wataweka maelezo kwa lugha ya kule. Walizungumza mbele yangu kana kwamba masikio ya mkalimani huwashwa na kuzimwa.

"Na cherehani zitasafirishwa lini?" mwenzake aliuliza.

"Tukimaliza oda hii. Mashati yanayoshonwa kule yanaingia sokoni bila ushuru."

Nikatazama chini. Nati zilizofunga miguu ya cherehani sakafuni, ambazo siku zote zilikuwa na kutu, ziling'aa kwa grisi mpya, tayari kufunguliwa.

"Wanasemaje?" Shangazi aliuliza bila kuinua macho.

"Wanasema unashona vizuri."

"Hilo nalijua. Mbona sauti inakutetemeka, mwanangu?"

Mwenye kamera alisogeza lenzi karibu na vidole vya Shangazi. "Mwambie arudie pale anapogeuza ncha. Hapo ndipo wanafunzi wetu wa kule wanapokosea."

Nikisema, nami sina kazi. Nikinyamaza, atawakabidhi riziki yake kwa mikono yake mwenyewe, tena akitabasamu.

"Shangazi, usigeuze hiyo ncha," nikasema. "Wanakurekodi wafundishie watu wengine. Kiwanda kinahama."

Mguu wake ukaganda kwenye pedali. Cherehani ya mshona vifungo ikanyamaza, kisha iliyofuata, na nyingine, mpaka tukasikia feni za darini. Sikuwahi kujua kwamba zinapiga kelele kiasi kile. Msimamizi alikuwa anakuja mbio.

Shangazi aliikunja kola ile ambayo haijakamilika, akaifumbata.

"Waulize," akasema taratibu, "sisi tunahamia wapi."

Niliwauliza, neno kwa neno. Wageni wakatazamana. Kamera ilikuwa bado inarekodi sindano tupu.

Hapo Shangazi akanishika mkono. Wake ulikuwa unateleza kwa mafuta, lakini hakuniachia.